Majeruhi wa Vita Mlangoni pa Halmashauri

Ipo kadhia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikizungumzwa kwa sauti ya chini katika mabaraza ya Mwanza, tangu Kirumba hata Igoma, na huko Magu, Misungwi na Sengerema pia, nayo ni hii: mtu aliyepelekwa vitani na nchi yake, akajeruhiwa, akarudi kwao, na sasa umri umemfikia hata hawezi tena kulima wala kuvua, je, anapobisha hodi katika ofisi ya kata kutaka auni, anaomba sadaka ama anadai haki yake? Nami naliona swali hili kuwa kubwa, kwa sababu jawabu lake ndilo litakaloamua ni nani wa kumfuata mwenziwe, mzee aifuate ofisi au ofisi imfuate mzee.

Katika mjadala huu nimeweka sauti nne, wala sikuzitia majina, maana kila moja ni sauti ya watu wengi: Mwalimu aliyestaafu, Diwani wa halmashauri moja ya kando ya ziwa, Mjane wa mwanamgambo, na Kijana aliyesoma sheria. Mzee tunayemjadili naye hana jina. Tumtwae kuwa alizaliwa katika kijiji cha wilaya ya Magu. Kwamba alikuwa na umri wa miaka 22 yalipoingia Kagera majeshi ya Idi Amin wa Uganda tarehe 30 Oktoba 1978. Kwamba alichukuliwa katika mgambo wa kijiji chake, akavushwa ziwa kwa meli hadi Bukoba, akapita Mutukula na Masaka pamoja na wenziwe, na kwamba mwezi Machi 1979, karibu na mji mdogo wa Lukaya, vipande vya kombora vikauchana mguu wake wa kushoto, goti likapona bila ya kukunjika. Leo anakaribia miaka 70.

MWALIMU: Mheshimiwa Diwani, kwa idhini yako nitaanza na vita vyenyewe, kwa kuwa nawasikia watu wa siku hizi wakimzungumza mzee huyu kana kwamba aliumia kwa kuanguka mtini. Amin alipoitwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, raia wakakimbia na watoto mgongoni, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga adui tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Uwezo ule ulitoka wapi? Jeshi la siku zile lilikuwa dogo, ikabidi likuzwe kwa mgambo hata likapita watu laki moja, na wananchi wakachanga ng'ombe, nafaka na fedha, na malori yakatwaliwa kubeba askari na shehena. Mji wetu huu ndio uliokuwa mlango wa vita: watu na zana vilishuka hapa kwa reli, vikapakiwa melini. Adui alilijua hilo, ndiyo maana mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kuja kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wasio na hatia. Basi kila aliyekuwa hai katika mji huu siku ile alikuwa chini ya dhamana ya vijana wale waliotangulia mbele.

Na huko Lukaya, alikoumia mzee wetu, brigedi iliyopigwa kwa makombora ya Walibya ilikuwa ni ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wakipalilia pamba. Safu zao zilivunjika, sitaficha; lakini wakajikusanya, na kesho yake wakarudi kupigana pamoja na brigedi ya 208 hata njia ya Kampala ikafunguka, na Kampala yenyewe ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mtu aliyevunjika akarudi tena uwanjani, mimi simwiti mwombaji.

DIWANI: Mwalimu wangu, nakusikiliza kwa adabu ile ile niliyokusikilizia darasani, na katika hayo uliyoyasema sina la kukanusha. Lakini nataka unihukumu kwa insafu. Halmashauri haikutangaza vita, haina jeshi, wala haikuachiwa orodha ya majeruhi. Imeundwa kwa sheria za mwaka 1982 ili iangalie shule, zahanati, masoko, barabara za vijijini na usafi, na mapato yake ya ndani ni ushuru wa samaki na mazao, leseni za biashara, na ada nyingine ambazo ziwa likichafuka wiki mbili hupungua sote tukiona. Kabla sijautia mkono mfuko huo, matumizi yake yamekwisha kuamriwa. Asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mzee wetu si mwanamke wala si kijana. Ataingia katika zile mbili, ni kweli, ila anachopewa humo ni mkopo, na mkopo hurejeshwa. Nimwambie mtu wa miaka 70, goti halikunji, afungue genge la dagaa ili arejeshe fedha ya serikali? Na nikimpa kwa jina la msaada, mkaguzi atakuja kuniuliza nimetumia fungu gani, nami sitakuwa na neno la kumjibu.

MJANE: Mheshimiwa, habari za mafungu mimi sizijui, najua habari za njia. Marehemu mume wangu alikuwa katika hali hiyo hiyo mnayoisema. Cheti chake cha kuachishwa alikiweka katika mfuko wa nailoni, chini ya godoro, kimekunjwa mara nne, na pale penye mkunjo ndipo ilipokuwa namba yake ya jeshi, hata miaka ilipopita wino ukafutika, zikabaki tarakimu mbili za mwanzo. Alipokipeleka ofisini waliambiwa, yeye na kijana aliyemsindikiza, kwamba hakisomeki, walete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Wakaileta. Ikatakiwa ya mtendaji wa kijiji, kisha ya mtendaji wa kata, kisha wakaambiwa shauri hili si la hapa, waende wilayani. Na kwenda wilayani si jambo jepesi, baba. Goti likiwa halikunji, mtu akipanda bodaboda mguu wake husimama nje kama mti, dereva hawezi kupakia abiria mwingine, basi hutoza nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Wakifika, mwenye dhamana yuko semina. Njoo kesho. Kesho ile ilikula mbuzi wetu mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 25 Julai walikuwa wakimwita, siku ya Mashujaa, akaketi viti vya mbele na wenziwe, wakapewa chakula. Nilikuwa nikimfulia shati lake jeupe usiku wa kuamkia. Alifurahi sana siku hizo, sitasema uongo. Lakini maradhi yalipomshika na mguu ukaoza upya, hatukumwona hata mmoja katika waliomshika mkono pale uwanjani.

Nasimama kidogo hapa, msomaji, kwa sababu Diwani aliposikia maneno haya hakuwa na haraka ya kujibu, na mimi nisingependa tumhukumu upesi. Namjua diwani wa aina yake: hutoa fedha mfukoni mwake kwa misiba ya kata nzima, na husutwa kwa makosa ya ofisi ambazo hazimsikilizi. Taksiri si yake peke yake. Hata hivyo, katika maneno ya Mjane lipo jambo ambalo hoja ya mafungu haiwezi kulifunika, nalo ni kwamba gharama ya kuthibitisha haki ilibebwa yote na yule aliyekwisha kutoa mguu wake.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Mimi ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo naona yanachanganywa. La kwanza ni pensheni. Askari wa kudumu aliyetumikia miaka yake akastaafu, huyo ana pensheni, hata kama ni haba. Lakini mwanamgambo aliyechukuliwa Novemba akarudishwa kijijini vita vilipokwisha hakuwa na utumishi wa miaka ya kutosha kumpa pensheni ya kila mwezi. Alirudi na shukrani, na nchi yenyewe ilikuwa imechoka, kwani sote tumesoma jinsi Mwalimu Nyerere alivyowataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wengine mikanda ile hawajailegeza hadi leo. La pili ni msaada wa wasiojiweza, ambao serikali hutoa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Huko mzee wetu ataulizwa kama ni maskini. Watu wa kijiji watakaa mkutano, wataitazama nyumba yake, wataona bati alizoezeka mwanawe anayevua Ukerewe, nao watasema kaya hii si ya kunusuru, na kwa kanuni walizopewa hawatakuwa wamekosea. Mkosi wa mzee huyu ni kwamba mlango wa pensheni unamwambia hukutumikia vya kutosha, na mlango wa umaskini unamwambia hukufukarika vya kutosha, na hakuna mlango wa tatu ulioandikwa jeraha.

Nanyi tazameni wenzetu wa Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, bila ya kuulizwa bati wala mbuzi. Sisi huku Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na mzee asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bure, na dirisha lake hospitalini lina maandishi makubwa ya kwamba apishwe kwanza. Hupishwa, kisha huandikiwa dawa akanunue nje.

MWALIMU: Mwanangu, umesema vizuri, nami nitaongeza jambo ambalo lilitokea hapa hapa Mwanza, ili Mheshimiwa asidhani kwamba nadai lisilowezekana. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa Kiafrika waliosalia hai katika jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeweka silaha chini huko Abercorn, ambako sasa huitwa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na ambaye alifariki mwezi Machi mwaka huo huo wa 1964. Vitabu vinasimulia kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza, na kwamba mlipaji alifungua ofisi ya muda katika mji huu. Wachache walikuwa na hati walizoandikiwa miaka 46 nyuma. Wengine walileta matambara ya sare zao. Wengine walikuja mikono mitupu. Basi mlipaji, akiwa hana daftari la kumwongoza, akaagiza ufagio, akampa kila mzee aushike badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na inasemwa kwamba katika wote hao hakushindwa hata mmoja. Huenda wasimuliaji wameipamba hadithi. Hadithi nzuri hupambwa. Lakini kiini chake ni kwamba mwenye kulipa ndiye aliyesafiri, na aliyekosa karatasi hakufukuzwa, alitafutiwa ithibati nyingine. Ikiwa taifa la mbali liliweza kuwafanyia hivyo watu liliowatawala kwa mabavu, sisi tutasema nini kwa watu wetu wenyewe?

KIJANA: Hapo, Mwalimu, niruhusu nikupinge kwa heshima, maana mfano huo una doa. Askari wale ndio, au ni warithi wa wale, waliozima Maji Maji kati ya 1905 na 1907 kwa kuchoma ghala za chakula hata watu wakafa kwa njaa zaidi kuliko kwa risasi. Walilipwa kwa uaminifu wao kwa bwana wao. Na wapagazi je? Usukuma na Unyamwezi zilitoa vijana wengi sana wa kubeba mizigo ya vita vile, upande wa Mjerumani na, Mwanza ilipotwaliwa Julai 1916, upande wa Mwingereza pia. Wapagazi na vibarua wa Waingereza peke yao walikaribia milioni moja, na waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, aghalabu kwa kuhara, homa na njaa. Nani aliwaitia ofisi ya muda? Mjukuu wa mpagazi akifika na hadithi ya babu yake hapewi ufagio. Na Mwingereza naye, waliompigania huko Uhabeshi na Burma katika vita vya pili, ni mwaka 2018 ndipo alipotangaza takriban pauni milioni 12 za kuwasaidia wakongwe wa iliyokuwa dola yake, wapate angalau milo miwili kwa siku, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Sitaki mzee wetu alipwe kwa mtindo huo, wa kuteuliwa wachache wapigiwe picha.

MWALIMU: Umenijibu, nami nakubali kwamba Wajerumani si mfano wa uadilifu. Nilitaka njia yao ya kutafuta ushahidi, si ubora wa nyoyo zao.

DIWANI: Tena hapo kwenye ushahidi ndipo penye hofu yangu kubwa, na naomba mnielewe. Tukitangaza leo kwamba majeruhi wa Kagera waje kuandikishwa, watakuja na walioumia kwa pikipiki, na walioumwa na mamba. Nitamjuaje wa kweli?

MJANE: Mheshimiwa, wa kweli wanajuana. Mume wangu alikuwa akikutana na mwenziwe mmoja mnadani, na kabla hawajasalimiana vizuri walianza kuulizana fulani yuko wapi, na yule aliyekuwa akipika katika kikosi, na ile siku ya mvua kabla ya Masaka. Wakae wazee watatu wa kweli pamoja na huyo anayedai, wamuulize kiongozi wake nani, walivuka wapi, walilala wapi. Kabla chai haijapoa watakuambia.

KIJANA: Na daktari wa wilaya anaweza kutofautisha kovu la kipande cha chuma na kovu la ajali, mara nyingine chuma chenyewe bado kimo mwilini na picha itakionyesha. Kisha Jeshi lina kumbukumbu zake. Namba isiyosomeka kwenye cheti inaweza kusomeka makao makuu, lakini anayepaswa kuandika barua ya kuiulizia ni ofisi yenye karani na muhuri. Mzee wa kijijini hajui hata barua hiyo aianzeje.

DIWANI: Sawa. Kuandika barua kunawezekana. Hata daftari linawezekana, halitaki fungu kubwa. Lakini mkinitaka niwalipe kila mwezi kutoka ushuru wa samaki, nitawadanganya.

Katika jambo hili la mwisho mimi niko pamoja na Diwani, na natofautiana na Mwalimu, ambaye mara nyingi amesema kwamba halmashauri zingeweza kuanza kulipa chochote kile, hata kiwe kidogo, ili kuonyesha njia. Naona hatari iliyomo. Halmashauri yenye masoko makubwa na viwanda vya minofu ya samaki ingewalipa majeruhi wake fedha ya maana, na halmashauri ya kisiwani isiyo na kitu ila mitumbwi na mihogo ingewalipa wa kwake kidogo mno ama isiwalipe kabisa, hali watu hawa walikwenda vitani kwa amri moja, chini ya bendera moja, wengine katika handaki moja. Mguu wa mtu wa Ukerewe hauwezi kuwa na thamani pungufu ya mguu wa mtu wa Ilemela. Deni lilifungwa na taifa, na hazina ya taifa ndiyo yenye dhima ya kulilipa, kwa kiwango kimoja, kwa askari wa kudumu na mwanamgambo sawasawa, likipimwa kwa jeraha na siyo kwa miaka ya utumishi wala kwa ufukara wa nyumba.

Lakini hilo halimwachii Diwani nafasi ya kupumzika. Taifa haliwezi kumwona mzee wa kitongojini. Halmashauri inamwona, na ikiwa haimwoni basi inaye mtendaji anayepita mlangoni mwake kukusanya michango. Kumtafuta, kumwandika, kumpeleka kwa daktari kwa gari ambalo siku zote hupatikana kwa ziara za wakubwa, kumwandikia jeshini, kulibeba faili lake kutoka kata hadi wilaya hadi mkoa na kurudi na jawabu: haya yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri iliyo maskini kupita zote, na ndiyo hasa yaliyomshinda mume wa Mjane. Yafanywe sasa, wala yasingoje Dodoma ipitishe sheria, kwa kuwa siku itakayopitishwa, orodha isiyokuwapo haitalipwa.

DIWANI: Nitalipeleka kwenye baraza la madiwani kama hoja yangu binafsi. Nitaungwa mkono na wachache, wengine watasema natafuta kura za wazee. Wacha waseme. Lakini nambieni, wajane nao niwaandike? Maana jeraha alikuwa nalo marehemu.

MJANE: Nani alikuwa akilifunga kitambaa jeraha hilo, Mheshimiwa? Nani aliyekuwa akilima peke yake mashamba ya watu wawili tangu mwaka 1979 hadi alipokufa?

DIWANI: Nimekusikia, Mayu, mama yangu. Wataandikwa. Basi tuanzie kata gani? Watendaji wangu wa karibu na barabara wako tayari hata wiki ijayo.

MJANE: Wa karibu na barabara hawahitaji kuanziwa, wanaweza kujikokota. Anzia visiwani, ambako mtu akitaka kuja wilayani hulipa mtumbwi kwanza, kisha basi, kisha bodaboda ya watu wawili.

KIJANA: Na karani atakayekwenda huko apewe nauli yake mapema, asije akawatoza wazee.